Vibanda vya Mtume Petro na Miji ya Milimani

Sisi tunaokaa Nundu tuna ziwa mbele na mlima nyuma. Asubuhi jua hututokea ng'ambo ya Tanganyika, upande wa Burundi. Jioni hutuaga mapema, kwa maana milima hulificha kabla ya saa yake. Watu wa ufuko hutazama juu na kusema: kule kuna baridi na malisho mazuri. Watu wa milimani hutazama chini na kusema: kule kuna ndagala na chumvi, lakini kuna homa pia. Ndivyo ilivyo tangu zamani, kila mtu akitamani kidogo kilicho cha mwenziwe.

Basi, siku moja nilikuwa nikiwafundisha watoto habari ya Bwana wetu Yesu Kristu kugeuka sura mlimani. Nilipofika pale Mtume Petro anapotaka kujenga vibanda vitatu ili wakae kule kule juu, mtoto mmoja akainua mkono akauliza: «Mwalimu, Petro alikosa nini? Si kule kulikuwa kuzuri?» Nikamjibu kwa maneno machache, kama tufanyavyo kengele ikiwa karibu kulia. Lakini swali lake lilinifuata mpaka nyumbani. Naona jibu lake limo katika habari za miji ambayo watu waliijenga milimani ili wapate kupumzika. Leo napenda kuwasimulieni habari za miji miwili ya namna hiyo: mmoja wa mbali, Darjeeling, chini ya theluji za Himalaya katika Bara Hindi, na mwingine ulio jirani yetu, yaani Bukavu.

HOMA YA UFUKONI

Tuanze nyumbani, maana mwenye kutaka kuona mbali na asimame kwanza mlangoni pake. Mwaka wa 1880 Wapadri Weupe, watoto wa Lavigerie, walifika Masanze katika nchi yetu ya Fizi. Mwaka wa 1883 wakafungua misioni ya Kibanga, kando ya ziwa. Pale walikusanya watoto waliokombolewa katika mikono ya wafanya biashara ya watumwa, wakawalea, wakawafundisha dini na kazi. Ilikuwa kazi njema, lakini mahali palikuwa na maradhi mengi mno. Homa iliwakamata mapadri na watoto bila kuchagua, na makaburi yakaongezeka. Mwisho, mwaka wa 1893, Kibanga ikaachwa. Mwaka ule ule Padri Victor Roelens, ambaye baadaye alikuwa Askofu, akaanzisha misioni ya Baudouinville huko Kirungu, mbali upande wa kusini, juu ya uwanda penye hewa nzuri. Wakristu wa Kibanga wakawafuata mapadri wao wakahamia huko.

Hivyo, wasomaji, kabla Wazungu wa Kongo hawajajenga mji wowote wa kustarehe milimani, ufuko wetu wa Fizi ulikuwa umekwisha kuona watu wakipanda juu kwa kuikimbia homa. Hawakupanda kwa anasa, walipanda wasife.

Wakati ule hakuna aliyejua homa inatoka wapi. Walidhani inatoka katika harufu ya matope na majani yaliyooza. Hata jina la malaria ni neno la Kitaliano, na maana yake ni «hewa mbaya». Lakini jambo moja walilijua kwa kuona: mtu akipanda mlima, homa humpungukia. Sababu yake leo tunaijua. Kila mtu apandapo mita 1,000, joto la hewa hupungua kiasi cha digrii 6. Ziwa letu Tanganyika liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari. Ziwa Kivu liko mita 1,460 hivi. Na vijidudu vya malaria hukua ndani ya tumbo la mbu, navyo vinataka joto. Hewa ikiwa chini ya digrii 16 hivi, karibu havikui kabisa. Kwa hiyo baridi ya mlimani ni kama ukuta, ingawa si ukuta usio na tundu. Hata Bukavu watu huugua malaria.

MJI WA CHINI YA THELUJI

Waingereza waliotawala Bara Hindi walikuwa na shida ile ile. Nchi za chini, kama Calcutta, zilikuwa na joto kali na maradhi, na askari wao wengi walikufa kwa homa kuliko kwa vita. Kwa hiyo walitafuta mahali pa baridi. Mwaka wa 1835 mfalme wa Sikkim aliwapa mlima wa Darjeeling, nao wakataka kujenga hapo nyumba za wagonjwa kupata nafuu. Mahali hapo pako juu zaidi ya mita 2,000. Baada ya wagonjwa walikuja wazima. Baada ya wazima walikuja wake zao na watoto wao. Ndipo zikaja shule, makanisa, hoteli, na viwanja vya michezo. Mashamba ya chai yakafunika mabega ya milima. Mwaka wa 1881 reli ikafika mjini, reli nyembamba ya njia yenye upana wa sentimeta 61 tu, inayojipindapinda kama nyoka ili iweze kupanda. Gari lake la moshi ni dogo hata watu hulicheka, lakini hupanda kwa bidii. Mwaka wa 1999 reli hiyo iliandikwa katika orodha ya mali za ulimwengu wote zinazostahili kulindwa.

Mtu akifika Darjeeling kutembea, atafanya nini? Ataamka usiku, apande kilima kiitwacho Tiger Hill, yaani kilima cha chui mkubwa wa Kihindi, angoje mapambazuko. Ndipo ataona mwanga wa kwanza ukigusa kilele cha Kangchenjunga, chenye mita 8,586, mlima wa tatu kwa urefu duniani. Theluji yake huwa nyekundu, kisha ya dhahabu, kisha nyeupe. Halafu atatembea katika mashamba ya chai, au atafuata njia za miguu msituni. Hayo ni mema. Macho yaliyoumbwa na Mungu yanafurahi kuona kazi nyingine za Mungu.

Lakini tuulize kama yule mtoto: kuna kosa gani? Kosa halikuwa katika kupanda. Mji mwingine wa Himalaya, Shimla, ulifanywa makao ya serikali ya Waingereza kila kiangazi tangu mwaka wa 1864. Kila mwaka wakubwa walikusanya vitabu vyao na mihuri yao, wakapanda mlimani kwa miezi mingi, na kutoka huko wakatawala mamilioni ya watu waliobaki katika joto. Walikwisha kujenga vibanda vyao mlimani. Wakaona baridi ni haki yao, na homa ni haki ya wengine. Na kwenye mabega ya milima, wanawake na wanaume walioletwa kutoka Nepal walichuma chai tangu asubuhi mpaka jioni, na wapagazi walibeba wageni katika viti vya machela.

JIRANI YETU BUKAVU

Sasa turudi Kongo. Mzungu wa kwanza kuliona ziwa Kivu alikuwa Mjerumani von Götzen, mwaka wa 1894. Wenyeji, Bashi na Bahavu na wengine, walikuwa wakilivua na kulivuka tangu zamani. Wabelgiji walipoweka kituo chao penye mwisho wa kusini wa ziwa, mwanzoni mwa karne ya 20, walipaona kuwa pazuri mno. Mwaka wa 1927 walipaita Costermansville kwa heshima ya Costermans, aliyekuwa mmoja wa wakubwa wa serikali yao. Jina hilo lilidumu mpaka mwaka wa 1954, ndipo mji ukapata tena jina la nchi yenyewe, Bukavu. Wazee husema asili ya neno hilo katika Kishi ni mahali pa ng'ombe. Tazameni basi: pale wageni walipoona mandhari, wenyeji waliona malisho.

Mtu wa Nundu aliyekwenda Bukavu kwa amani, alipita Uvira, akapita uwanda wa mto Ruzizi wenye joto na miwa, akafika Kamanyola. Hapo barabara huanza kupanda. Katika mlima wa Ngomo gari hulia, kona baada ya kona, mwamba upande mmoja na korongo upande mwingine, na abiria wengi hushika rozari. Kisha hewa hubadilika ghafula. Mtu huitafuta koti yake. Akipita Nyangezi huona migomba na vilima vya kijani. Na mwisho huliona ziwa, limelala kimya kati ya milima, na mji umenyosha rasi zake tano majini. Watu hufananisha mji huo na mkono wa kijani uliotiwa majini. Rasi moja huitwa La Botte, maana yake buti, kwa ajili ya umbo lake.

Katika miaka ya 1930 mpaka ya 1950 mji huo ulikuwa ndio Darjeeling ya Wabelgiji. Waliotoka katika joto la nchi za chini walikuja kupumzika Kivu. Walipiga makasia na kutweka matanga ziwani, wakaoga bila hofu, maana ziwa Kivu halina mamba kama Tanganyika letu. Walikwenda kuona maji ya moto ya Katana yanayochemka kutoka ardhini. Walivuka kwenda kisiwa cha Idjwi. Walikwenda Lwiro, ambapo chuo cha elimu ya viumbe na ardhi kilianzishwa baada ya mwaka wa 1947. Walipanda mlima Kahuzi, wenye mita 3,308, wakipita kwanza katika msitu, kisha katika mianzi, mpaka kwenye majani ya baridi ya kileleni. Mjini walijenga nyumba za mtindo wa siku zile, zenye kuta nyeupe na kona za mviringo, ambazo nyingine zinasimama hata leo.

Lakini mji ulikuwa na tabaka mbili. Ibanda, penye rasi na upepo wa ziwa, palikuwa pa Wazungu. Wenyeji waliwekwa Kadutu, mlimani penye mteremko mkali, na baadaye Bagira, mtaa uliojengwa katika miaka ya 1950. Mpishi, mfua nguo, mtunza bustani na mpagazi waliteremka asubuhi kwenda kazini, na jioni iliwapasa kurudi kwao, kwa maana mwenyeji hakuruhusiwa kukaa usiku katika mtaa wa Wazungu bila kibali. Na pembezoni mwa mji, tangu mwaka wa 1928, kamati iliyoitwa Comité National du Kivu ilikuwa na uwezo wa kuwagawia walowezi ardhi kwa mashamba ya kahawa, chai na miti ya kwinini. Ardhi hiyo haikuwa tupu. Ilikuwa na wenyewe.

Sisemi haya ili kufufua chuki. Wako Wazungu waliotupenda na kufa kati yetu, na yule mpagazi wa jana, mjukuu wake leo pengine naye ana mpagazi wake, wala hajui jina lake. Nasema ili tuone jambo moja: mji wa mapumziko husimama juu ya kazi ya watu wasiopumzika. Ukitaka kuujua mji kama huo, usiulize tu kuna nini cha kutazama. Uliza pia nani alibeba mzigo mpaka huku juu.

ALIYEBEBA MZIGO

Darjeeling yenyewe inatupa mfano mzuri. Katika mji huo aliishi kijana mmoja wa kabila la Washerpa, jina lake Tenzing Norgay. Mwaka wa 1935 aliandikwa kazi ya kubeba mizigo ya Waingereza waliokwenda kuutafuta mlima Everest. Alipanda tena na tena, kila mara mzigo mgongoni. Mwaka wa 1953, siku ya tarehe 29 Mei, yeye na Edmund Hillary wa New Zealand walisimama pamoja juu ya kilele cha mlima huo, mahali ambapo ulimwengu haukumjua mtu aliyefika na kurudi. Watu wengi wakawa wanauliza: nani alitangulia hatua moja? Wao wenyewe walijibu kwamba walifika pamoja, wamefungwa kamba moja. Mwaka uliofuata kikafunguliwa Darjeeling chuo cha kufundisha upandaji wa milima, na Tenzing akawekwa kuwa mwalimu mkuu wa mafunzo ya mlimani. Mpagazi akawa mwalimu. Akakaa mji ule mpaka alipofariki mwaka wa 1986.

Kwetu hadithi hiyo haijaisha vizuri bado. Katika msitu wa Kahuzi waliishi Batwa, watu wajuao kila njia na kila sauti ya msitu. Mwaka wa 1970 serikali iliufanya msitu huo kuwa hifadhi ya taifa, iitwayo Kahuzi-Biega, ili kuwalinda sokwe wakubwa tuwaitao ngagi, ambao jamii yao haipatikani mahali pengine po pote duniani ila mashariki ya Kongo. Jina lao katika vitabu ni la Rudolf Grauer, Mwaustria aliyepita katika milima ya magharibi ya ziwa letu akikusanya ndege na wanyama. Mbelgiji mmoja, Adrien Deschryver, aliwazoeza ngagi hao wasiogope watu, ili wageni waweze kuwaona kwa karibu. Lakini nani aliwaongoza wageni kwenye nyayo za ngagi? Batwa. Walijua kutambua jani lililovunjwa leo na lile lililovunjwa jana.

Na hao hao Batwa, kwa maelfu, walitolewa katika msitu bila kupewa ardhi nyingine ya kutosha. Mwaka wa 1975 hifadhi iliongezwa mpaka ikafika kilomita za mraba 6,000. Mwaka wa 1980 ikaandikwa katika orodha ya mali za ulimwengu wote. Mwaka wa 1997 ikawekwa katika orodha ya zilizo hatarini kwa sababu ya vita. Batwa wakabaki kandokando, maskini kuliko maskini wengine. Mwaka wa 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitangaza uamuzi wake kwamba haki zao zilivunjwa. Ni neno la haki, ingawa lilichelewa zaidi ya miaka hamsini.

Msinielewe vibaya. Ngagi ni kiumbe cha Mungu, na msitu ndio mama wa mito yetu. Kuulinda ni wajibu. Lakini alinde msitu huku akimtambua mwenye kuujua. Hapa kwetu juu ya Fizi na Mwenga, msitu wa Itombwe ulitangazwa kuwa hifadhi mwaka wa 2006, nao wenyeji walinung'unika kwamba hawakuulizwa. Baadaye watu walikaa kitako kijiji kwa kijiji, wakachora mipaka: hapa tunalima, hapa kuna makaburi ya wazee, hapa msitu usiguswe, na mwaka wa 2016 jimbo la Kivu Kusini likaweka mipaka mipya. Njia hiyo ni ndefu na ina kelele, lakini ni bora kuliko ile ya kwanza.

KITEREMKACHO KUTOKA MLIMANI

Wazee wa Kiswahili wamesema: mpanda ngazi hushuka. Kwa kawaida neno hilo ni la kumwonya mwenye kiburi. Lakini nadhani lina maana nyingine pia: aliyepanda vizuri ni yule ashukaye na kitu cha kuwapa walio chini. Nitatoa mifano mitatu.

Wa kwanza ni mtu. Katika Almora, mji mdogo wa Himalaya, alizaliwa mwaka wa 1857 mtoto wa askari wa Kiingereza, jina lake Ronald Ross. Alikuwa mganga. Angeweza kukaa katika baridi na kuandika vitabu vyake. Lakini alikaa katika joto la nchi za chini, akipasua matumbo ya mbu chini ya kioo cha kukuzia, siku baada ya siku, hata jasho likaharibu chombo chake. Mwaka wa 1897, katika mji wa Secunderabad, aliona ndani ya tumbo la mbu vijidudu vya malaria. Mwaka uliofuata Waitalia, akiwamo Grassi, walithibitisha ni mbu wa aina gani aletaye homa kwa binadamu. Hivyo ndivyo «hewa mbaya» ilivyojulikana kuwa ni mbu. Na chandarua tulalamo leo huku ufukoni ni mtoto wa elimu hiyo.

Wa pili ni mti. Mti wa kwinini asili yake ni milima ya Amerika ya Kusini, na gome lake ni chungu kama nyongo. Katika karne ya 17 Wajezuiti walilileta Roma, na Kardinali Juan de Lugo akaagiza ligawiwe kwa maskini wenye homa. Watu wakaliita unga wa Wajezuiti. Mti huo hupenda baridi ya milimani. Waingereza waliupanda karibu na Darjeeling, huko Mungpoo, katika miaka ya 1860. Nao Wabelgiji waliupanda katika milima ya Kivu, na Bukavu kikajengwa kiwanda cha kutoa kwinini katika maganda yake. Fikirini jambo hilo! Katika mlima ule ule ambao wenye nguvu waliukimbilia ili waepuke homa, Mungu aliweka udongo unaofaa kukuzia dawa ya homa kwa ajili ya wale wasioweza kupanda.

Wa tatu ni mwanamke. Mwaka wa 1929 msichana mmoja kutoka Ulaya, mwenye asili ya Kialbania, alifika Darjeeling kuanza unovisi katika shirika la masista wa Loreto. Mwaka wa 1931 alifunga nadhiri zake za kwanza, kisha akateremka Calcutta kuwa mwalimu. Alipenda kazi yake, na watoto walimpenda. Mwaka wa 1946, tarehe 10 Septemba, alikuwa safarini kurudi Darjeeling kwa mafungo ya roho na mapumziko. Ndani ya gari la moshi, akielekea kwenye baridi na utulivu, alisikia moyoni mwito wa Mungu: aache yote, ashuke, akae kati ya walio maskini kabisa. Alifanya mafungo yake, maana alikuwa mchovu na alistahili kupumzika. Halafu akashuka. Mwaka wa 1950 Kanisa likakubali shirika lake la Wamisionari wa Upendo, na mwaka wa 2016 Baba Mtakatifu Fransisko akamtangaza kuwa Mtakatifu Teresa wa Calcutta. Hatuambiwi kama siku ile alitazama dirishani kuona milima. Labda aliitazama, akaipenda, wala haikumzuia.

JIBU KWA MTOTO

Wasomaji wapenzi, huenda mtu atasema: mwalimu, unatusimulia matembezi wakati sisi hatuna hata usalama wa kwenda shambani. Ni kweli. Tangu mwaka wa 1996 milima yetu imewaona watu wengi zaidi wakipanda kwa kukimbia risasi kuliko kwa kutembea. Mwaka ule ule, tarehe 29 Oktoba, Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa aliuawa Bukavu, yeye aliyekataa kuliacha kundi lake. Mwezi wa Februari 2025 mji huo uliingia mikononi mwa waasi wa M23. Mama mwenye godoro kichwani na mtoto mgongoni hapandi mlima kuona mapambazuko.

Lakini kwa sababu hiyo hiyo naona inafaa kusema. Vita hutunyang'anya kwanza chakula, kisha hutunyang'anya na macho: tunaanza kuitazama milima yetu kuwa ni maficho ya bunduki tu, na ziwa kuwa ni njia ya kukimbilia tu. Mtoto wa Nundu anayekua bila kuambiwa kwamba nchi yake ni nzuri, atailindaje kesho? Kupumzika na kutazama uzuri si anasa ya matajiri. Mungu mwenyewe alipumzika siku ya saba, na Bwana wetu aliwaita Mitume wachovu waende kando wapumzike kidogo. Jumapili ni mlima ambao hata maskini anaweza kuupanda bila nauli.

Kwa hiyo, amani ikiruhusu, wapelekeni watoto juu kidogo, hata kwenye kilima cha jirani tu. Waonyesheni ziwa lote, rasi ya Ubwari upande wa kusini, na mitumbwi midogo kama mbegu za boga. Waambieni habari za Kibanga na za wale watoto waliokombolewa. Mkimwajiri mtu awabebee mzigo, mwulizeni jina lake, mlipeni siku ile ile, nanyi mle pamoja naye chakula mlichopanda nacho. Na mkishuka, shukeni na kitu: kuni zilizokauka kwa mama mkongwe, au habari njema kwa mgonjwa asiyeweza kutoka nyumbani.

Juma lililofuata nilimwita yule mtoto, nikamwambia: «Petro hakukosa kwa kusema kule ni kuzuri. Kulikuwa kuzuri kweli. Lakini alitaka kujenga vibanda wakati chini ya mlima kulikuwa na baba mmoja anayelia, mwenye mtoto mgonjwa, akimngoja Yesu ashuke.»

Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: «Na Yesu akashuka?»

Nikamwambia: «Alishuka, akamponya.»